Mgeni mdogo wa miti yetu: tumjue kandege wa majani

Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya udongo, mbegu na mbolea ya majani. Leo tunapanda juu kidogo, tunatazama matawi ya grevilea na ua wa shamba. Huko juu kunaishi kandege kadogo sana ambako wengi wetu tunakaona kila mwaka bila kukajua.

Mwisho wa somo hili, kila mwanachama aweze kufanya mambo matatu: kumtambua kandege huyu, kueleza anakula nini, na kuamua pamoja na wenzake namna ya kutunza miti na kutumia dawa ili mgeni huyu aendelee kutufanyia kazi.

1. Kwa nini tunasoma juu ya ndege?

Tukitembelea mashamba kuelekea Sake, Kibumba na Rutshuru, neno tunalosikia mara nyingi ni hili: "Agronome, hizi ndege zote ni wezi, tuzifukuze tu!" Tunaelewa. Mwenye shamba la mtama au ngano ambaye amekaa siku nzima akipiga debe hawezi kupenda ndege. Lakini ndege hawafanani, kama vile watu wanaopita njiani hawafanani. Yuko anayekula punje, yuko anayekula matunda, na yuko anayekula wadudu peke yake. Tukiwapiga wote sawa, tunafukuza mwizi na mlinzi pamoja.

Njia rahisi ya kuwatenganisha ni mdomo. Ndege mla punje ana mdomo mfupi na mnene, wenye nguvu ya kuvunja mbegu. Ndege mla wadudu wa majani ana mdomo mwembamba na wenye ncha, kama koleo ndogo ya kuokotea. Mdomo wa namna hiyo hauwezi kuvunja punje ya mahindi wala ya maharagi. Shika jambo hili moja, hata ukisahau mengine yote.

2. Anafanana namna gani?

Wataalamu wanamwita Phylloscopus trochilus. Katika vitabu vya Kifaransa utamkuta kwa jina la pouillot fitis. Sisi katika somo hili tutamwita kandege wa majani, kwa sababu majani ndiyo ofisi yake.

Urefu wake ni sentimeta 11 hadi 12, tangu mdomo hadi mkia. Uzito wake kwa kawaida ni gramu 8 hadi 10. Weka punje ishirini hivi za maharagi kwenye kiganja: huyo ndiye yeye mzima, na mifupa na manyoya yake.

Mgongo ni wa rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, kama jani lililoanza kukauka. Tumbo ni jeupe lenye manjano kidogo. Wale waliozaliwa mwaka huohuo wana manjano zaidi. Juu ya jicho kuna mstari mwepesi, kama nyusi iliyochorwa. Miguu ni myembamba, ya kahawia hafifu. Dume na jike wanafanana, usipoteze muda kuwatenganisha.

Usimchanganye na kale kandege kengine ka kijani na manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho, kama mtu aliyevaa miwani. Huyo mwenye miwani ni mwenyeji, anakaa nasi mwaka mzima. Kandege wa majani hana duara hilo, ana nyusi tu.

3. Anatoka wapi, na anakuja lini?

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa. Kandege huyu hazaliwi hapa. Anazaliwa kaskazini ya Ulaya na Asia: Uingereza, Uswidi, Ufini, Urusi hadi Siberia. Huko jike anajenga kiota chini, ndani ya majani makavu, chenye paa na mlango wa pembeni, na kutaga mayai sita hivi. Kwa hiyo usitafute kiota chake shambani kwako, hutakipata.

Kule kwao, baridi ikikaribia, wadudu wanapungua kabisa. Mwezi wa nane na wa tisa anaondoka. Anasafiri usiku, anavuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara, na kufikia mwezi wa kumi wako wengi katika nchi za Ikweta. Kutoka Goma hadi Uswidi ni zaidi ya kilometa 6,000. Kutoka Goma hadi Kinshasa kwa ndege ya abiria ni kilometa 1,500 na kidogo. Hesabu mwenyewe: ni safari ya Kinshasa mara nne, kwa mnyama wa gramu tisa. Na wale wa Siberia ya mashariki, wanaoshukia Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wanapita kilometa 12,000 kwa kwenda tu.

Anabaki kusini ya Sahara hadi mwezi wa tatu au wa nne, kisha anarudi kuzaa.

Sasa tulinganishe na kalenda yetu. Msimu A tunapanda mwezi wa tisa na kuvuna kuanzia mwezi wa kwanza. Msimu B tunapanda mwezi wa pili au wa tatu. Maana yake, mgeni yuko hapa wakati maharagi ya msimu A yanatoa majani na maua, na bado yuko wakati mbegu za msimu B zinaota. Anakuja wakati mvua imerudisha majani mapya, na majani mapya yanaleta wadudu.

4. Anakaa wapi na anafanya nini?

Si lazima uende mpaka ndani ya Hifadhi ya Virunga ili umwone. Msitu mzito wenye giza haumvutii sana. Anapenda pembeni ya msitu, vichaka, miti ya ua, bustani, mashamba ya kawa yenye kivuli, na miti iliyosimama katikati ya mazao. Hata ndani ya mji wa Goma, kwenye viwanja vilivyobaki na miti, anapatikana.

Hatulii. Anaruka kutoka kijani hadi kijani, anachungulia chini ya jani, anaokota, anahama. Mara nyingine anasimama hewani kwa kupiga mabawa mbele ya jani ili kuchukua mdudu, au anamfuata mdudu anayeruka na kumkamata. Chakula chake ni viwavi vidogo, vidukari (wale wadudu wadogo wanaojipanga kwenye ncha changa za maharagi), inzi, mbu, vibawakavu wadogo na buibui. Mara nyingi anatembea na kundi la ndege wengine wala wadudu, kundi linapita mti kwa mti kama watu wa salongo wanavyopita mtaa kwa mtaa.

Sauti yake ya kuita ni fupi, yenye sehemu mbili na inayopanda: hu-iit. Wimbo wake ni laini, unaanza juu na kushuka taratibu mpaka unakwisha. Karibu na kurudi kwake, mwezi wa pili na wa tatu, unaweza kumsikia akiimba asubuhi hapahapa kwetu.

Kuna jambo moja ambalo ndege wachache sana duniani wanalifanya. Ndege wengi wanabadilisha manyoya yote mara moja kwa mwaka. Kandege wa majani anabadilisha mara mbili: mara moja kule alikozaliwa, na mara ya pili huku Afrika, kabla ya kurudi. Kuotesha manyoya mapya kunadai chakula kingi, na baada ya hapo lazima aweke mafuta mwilini kwa ajili ya safari. Mabawa yanayomvusha Sahara kurudi kwao yameota kwa wadudu wa miti ya huku kwetu. Miti ikikosekana hapa, hata mtoto wa Uswidi atakosa kumwona.

5. Anatusaidia kiasi gani?

Tuseme ukweli bila kuongeza chumvi. Kandege huyu hamalizi wadudu wote. Hawezi kumfikia kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya shina la mahindi, wala mdudu aliyetoboa tunda la kawa na kujificha ndani. Hatibu mnyauko wa ndizi. Kiwavi mkubwa aliyenenepa pia hamfai sana, yeye anachukua wadogo. Kwa hiyo mkulima anaendelea kupita shambani, kukagua na kuokota kwa mkono.

Lakini msaada wa ndege umepimwa. Kwenye mlima Kilimanjaro, Tanzania, watafiti walitumia vichaka vya kawa, katika mashamba ya familia yenye miti mchanganyiko, mashamba ya kivuli na mashamba ya jua kali. Vichaka vingine walivifunika kwa nyavu ili ndege na popo wasifike. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: pale ndege na popo walipozuiwa, matunda yaliyoshika yalipungua kwa asilimia 9 hivi. Kule kisiwa cha Jamaika walifanya jaribio la nyavu pia, na kawa iliyofichwa kwa ndege ilishambuliwa zaidi na mdudu mtoboa tunda. Wengi kati ya ndege waliofanya kazi hiyo Jamaika walikuwa wadogo wanaohamahama, kama huyu wetu, ila wao wanatoka Amerika ya Kaskazini.

Asilimia 9 si kitu cha kumtajirisha mtu. Lakini ni matunda 9 hivi kwenye kila matunda 100, na hakuna aliyelipwa mshahara.

6. Tufanye nini?

Miti. Tunajua hali yetu. Vita na kuhama kumeleta watu wengi pembeni ya mji, na kila nyumba inahitaji moto wa kupikia. Hatutamwambia mama mwenye watoto sita asikate kuni kwa sababu ya ndege. Tunachosema ni namna ya kukata. Grevilea inavumilia kupunguzwa matawi: ondoa matawi ya chini, acha kichwa cha mti. Utapata kuni, mazao yatapata mwanga, na mti utabaki hai. Usipunguze miti yote ya ua kwa siku moja. Nusu mwaka huu, nusu mwaka ujao. Kazi hiyo ifanyike zaidi mwezi wa saba na wa nane, kiangazi, wakati mgeni hayupo.

Kupanda. Changanya. Grevilea kwa mbao na kuni, kaliandra kwa chakula cha mbuzi na kushika udongo, na miti ya asili kama mkuyu ikiwa bado iko. Ua wa aina moja tu ya mti hauna wadudu wa namna nyingi, basi na ndege wanapungua.

Dawa. Usipige dawa kwa sababu jirani amepiga au kwa sababu ni Jumamosi. Kagua kwanza, angalia chini ya majani. Vidukari vikiwa kwenye mimea michache, kata ncha hizo uzitoe shambani. Ikibidi kupiga, piga sehemu iliyoshambuliwa, jioni wakati nyuki wamerudi, na usielekeze pompi kwenye miti ya ua. Ndege akila wadudu waliopigwa dawa anakula dawa hiyo pia, na akikuta hakuna mdudu hata mmoja anahama. Baadaye wadudu wakirudi, na wao wanarudi haraka, hakuna wa kuwapokea.

Watoto. Manati ni mchezo wa watoto wetu, tulicheza nayo sote. Lakini kandege wa gramu tisa hajazi hata kijiko. Mwambieni mtoto habari ya safari ya Sahara, mtume ahesabu ndege badala ya kuwapiga. Na kama ndege amekutwa amekufa na ana pete ndogo ya chuma mguuni, andikeni herufi na namba zilizoko juu yake, mpeni agronome wa koperative. Pete hizo zinawekwa na watu wanaofuatilia safari za ndege, na namba moja tu inaonyesha ametoka wapi.

7. Kazi ya kikundi

Kila kikundi kichague ua mmoja na shamba moja lisilo na miti. Asubuhi moja kwa juma, kati ya saa moja na saa tatu, watu wawili wakae kimya dakika 15 kila mahali. Waandike kwenye daftari: tarehe, aina ya mti, ndege wangapi wenye mdomo mwembamba wameonekana, na wanafanya nini. Kisha wakague mimea 20 ya maharagi iliyo karibu na waandike mingapi ina vidukari. Andikeni hata siku ambayo hamkuona kitu. Andikeni pia siku ya kwanza mliyomwona mgeni mwezi wa tisa au wa kumi, na siku ya mwisho mwezi wa tatu au wa nne.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano:

- Katika koperative yetu, nani bado ana miti hai kwenye ua, na nani amebaki bila mti? Tunaweza kumsaidia kwa miche mingapi?
- Msimu uliopita tulipiga dawa mara ngapi? Ni mara ngapi kati ya hizo tulikagua shamba kwanza?
- Ni ndege gani kweli wanatuibia punje? Mdomo wao ukoje?
- Tukikubaliana kupunguza matawi kwa zamu, nani ataanza mwezi wa saba?

Leteni madaftari kwenye mkutano wa mwezi wa nne, mgeni akiwa amekwisha kuondoka. Tutaweka hesabu za vikundi vyote pamoja, na katika toleo litakalofuata tutachapisha zote, nzuri na mbaya.