Cheti Chako, Siri Yako

Mdogo wangu, sogea tuongee, maana hili limenikaa kooni. Umekwenda kupima, majibu umeyapokea chumbani kwa daktari, wawili tu. Jua halijazama, shemeji anapiga simu kukupa pole. Pole ya nini, na nani kamwambia? Unabaki umeduwaa, aibu imekujaa kana kwamba wewe ndiye uliyekosa. Hukukosa. Aliyekosa ni aliyefungua mdomo.

Najua wengi wenu mnaamini ukishaingia hospitali umejikabidhi mzimamzima, na ukihudumiwa bure ndiyo kabisa huna la kusema. Siwalaumu, nani aliwahi kutukalisha akatueleza? Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha yako. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Humo taarifa za afya zimehesabiwa kuwa taarifa nyeti: haziguswi bila ridhaa yako ya maandishi, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu, mfano daktari anapokutibu.

Kwa VVU ulinzi ulianza zamani zaidi, na sheria ya mwaka 2008. Majibu ni ya aliyepimwa. Milango iliyoachwa wazi ni michache: mzazi au mlezi wa mtoto, mwenza au mlezi wa mtu asiyeweza kujielewa, mahakama, na mwenza wako. Ndiyo, mwenza. Hapo usinikasirikie, sheria inakutaka wewe mwenyewe umwambie mumeo au mkeo, na mimi nasema mwambie mapema, kwa mdomo wako. Ila mama mkwe, mwenye nyumba na mchungaji hawamo kwenye orodha hiyo.

Sasa tazama dirisha la dawa siku ya kliniki. Watu wamebanana kwenye benchi, nesi anainua kadi, anaita jina zima, kisha anauliza kwa sauti ya kufika getini, “Zile dawa za mwezi uliopita umemeza zote?” Hana nia mbaya, amechoka na foleni ndefu. Lakini mama aliyeitwa anainamisha kichwa, anapokea mfuko, anaufutika kwenye khanga, na mwezi ujao haji. Hapo ndipo moyo unaponiuma. Mtu akiacha dawa kwa kuogopa macho ya watu, ugonjwa haumngojei aibu imtoke. Ukiitwa hivyo, usikimbie. Sogea dirishani useme taratibu, “Dada, naomba tuongelee ndani.” Kuomba hivyo si jeuri, mdogo wangu.

Kazini nako mnajikoroga. Bosi anataka ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ajue unapumzika siku ngapi; wewe unampigia picha majibu yote ya maabara na kumtumia WhatsApp! Nani alikuomba? Na ukibaguliwa kazini kwa sababu ya VVU, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza waziwazi, kwa hiyo usifungashe virago kimyakimya.

Usidhani haya ni maneno ya kwenye karatasi tu. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2015 Rais aliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na VVU. Wapo waliokwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikasema agizo lile limevunja Katiba yao. Agizo la Rais, mdogo wangu! Sembuse mhudumu wa mapokezi anayepiga soga juu yako na jirani yako?

Ukivujishiwa siri, anza kwa mganga mfawidhi wa kituo, andika barua na ubaki na nakala. Daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika juu yake, nesi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na tangu Aprili 2024 Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imezinduliwa rasmi, nayo inapokea malalamiko. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa ungali unayakumbuka.

Halafu nikugeukie wewe, maana lawama zote tusiwabebeshe manesi. Nani aliyepiga picha cheti cha shangazi kitandani akakitupia kwenye grupu la ukoo, eti tumwombee? Najua ulikuwa na huruma. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na shangazi hakukupa ruhusa. Maji yakimwagika hayazoleki. Picha imeshasambaa kwa binamu wasio hata na namba yake. Ifute leo, waombe na wenzio wafute, kisha mpigie simu umtake radhi. Na siku nyingine ukitaka aombewe, muulize kwanza: “Shangazi, niwaambie nini?” Akisema sema naumwa tu, basi anaumwa tu.