Kurudi Kazini Baada ya Vizuizi vya Pili

SWALI: Daktari, mimi ni fundi cherehani wa Kwakoa, Upareni, ambaye riziki yangu naipata Nairobi. Vizuizi vya korona vya Machi 2021 vilinikuta nyumbani. Sasa, Mei, nasikia njia zimefunguliwa. Je, nirudi, na hofu niliyo nayo niifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, ni kweli kwamba amri ya serikali ya Kenya ya tarehe 26 Machi, iliyozuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, imeondolewa tangu tarehe 1 Mei, walakini kuondoka kwa amri si kuondoka kwa maradhi, na marufuku ya kutembea usiku, kuanzia saa 4 hadi saa 10 alfajiri, ingali ipo mwezi huu wa Mei 2021. Kwa hiyo, kabla hujafunga safari, uliza masharti ya cheti cha kipimo katika mpaka wa Holili na Taveta, na ukijiona una homa, kikohozi au husikii harufu, ahirisha.

Ukishafika, kwa kuwa maradhi haya husafiri zaidi kwa pumzi kuliko kwa vitambaa, weka cherehani yako penye dirisha wazi, uvae barakoa, wala usikubali wateja wasongamane.

Ama hofu, hiyo si aibu, bali ni desturi ya moyo uliozoea sitara ya nyumbani. Mweleze tajiri wako, uanze kwa saa chache. Hofu ikikunyima usingizi kwa wiki nyingi, tafadhali muone tabibu.