Somo la Ubongo na Kuhifadhi

Ama baada ya kumshukuru Mola aliyempa mwanadamu akili: somo hili limewekwa kwa ajili ya walimu wa vyuoni na wazazi wa Handeni na Korogwe, wapate kujua jinsi mtoto ajifunzavyo na sababu zimfanyazo asahau. Kwani wengi huwapiga watoto kwa kusahau, kabla ya kuitafuta sababu.

FASILI YA KWANZA: Jinsi ubongo ujifunzavyo

Ijulikane ya kuwa ubongo wa mtu mzima uzito wake hukaribia kilo 1.4, nao hutumia kadiri ya sehemu moja katika tano ya nguvu za mwili wote. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86, zilizoshikana kwa maungio yasiyohesabika. Mtu ajifunzapo neno, neno hilo haliingii kichwani kama mahindi yaingiavyo ghalani. Bali maungio baina ya seli hupata nguvu. Eric Kandel alilidhihirisha jambo hili kwa konokono wa baharini, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Jambo lipitalo mara moja hubadili maungio kwa muda mchache. Lirudiwalo huotesha maungio mapya yakadumu.

Mfano wake ni njia ya kwendea kisimani katika nyika ya Handeni. Akipita mtu mmoja siku moja, majani husimama tena. Wakipita watu kila asubuhi, huwa njia, hata mgeni akaiona.

FASILI YA PILI: Namna za kukumbuka

Kukumbuka si kwa namna moja. Mwaka 1953, katika nchi ya Marekani, Henry Molaison alipasuliwa kichwa ili aponywe kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi ya pande zote mbili, nayo ni sehemu iliyo ndani ya ubongo. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hata alipokufa mwaka 2008, mambo mapya yalimpotea mara tu alipoyaacha. Hata hivyo, Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota kwa kuutazama mkono wake katika kioo, mkono ulizidi uhodari siku kwa siku, na mwenyewe hakumbuki ya kuwa amepata kuchora. Ikabainika kwamba ujuzi wa mkono una mahali pake, na habari zina mahali pake. Ndiyo maana mkata mkonge wa Ngombezi hukata na kufunga pasipo kufikiri, wala hawezi kumweleza mwenziwe yote ayafanyayo. Kazi ya mkono hufunzwa kwa mkono.

Tena kuna kumbukumbu ya hofu. Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika ubongo mna sehemu iitwayo amigdala, umbo lake mfano wa lozi, nayo hulitia alama upesi jambo la kuogofya ili mtu ajihadhari siku nyingine. Hiyo ni kinga njema njiani na porini. Lakini chuoni huwa madhara. Mtoto apigwaye kila akoseapo herufi, kinachokaa imara kichwani mwake ni bakora, si herufi. Na hofu ikimjaa, hata lile alilolihifadhi humponyoka aulizwapo.

FASILI YA TATU: Kusahau na dawa yake

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona ya kuwa kusahau huenda mbio katika saa za mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Akaona pia kwamba marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku 3 yalifanya kazi sawa na marudio 68 ya siku moja.

Wanavyuoni walikwisha kuishika njia hii zamani. Al-Zarnuji, katika kitabu chake Taalim al-Mutaallim kilichoandikwa yapata miaka 800 iliyopita, alimwagiza mwanafunzi arudie somo la jana mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, na kushuka hivyo mpaka mara moja.

Basi yampasa mwalimu kushika mambo manne:

1. Somo liwe kidogo, lidurusiwe kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.
2. Mtoto afunike ubao, ajaribu kusoma kwa moyo kabla ya kutazama. Kwani kujiuliza hukaza kumbukumbu kuliko kutazama tena na tena.
3. Aelezwe maana, ili jipya lishikane na analolijua.
4. Alale vya kutosha, kwani usingizini ubongo huyaimarisha ya mchana.

FASILI YA NNE: Maradhi yaharibuyo kumbukumbu

Kuna kusahau kusikotibika kwa marudio peke yake. Vimelea vya malaria kali huzifanya chembe za damu zishikamane na kuta za mishipa midogo ya ubongo, damu isipite vema, na mtoto akapatwa na degedege na kuzimia. Wengi walidhani degedege ni shetani mwenye sura ya ndege, wakachelewa kumpeleka mtoto hospitali. Utafiti wa Kampala uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika watoto waliopona malaria ya ubongo, yapata mmoja katika wanne alikuwa na upungufu wa akili au kumbukumbu hata baada ya miaka 2.

Korogwe ina sehemu yake katika kutafuta kinga. Tangu mwaka 2009 hata 2014, watoto wa Korogwe na Bagamoyo walikuwamo katika majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S, pamoja na watoto wa nchi nyingine 6, jumla yao zaidi ya 15,000. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo.

Kwa hiyo mtoto aliyekuwa mwepesi wa kuhifadhi, akarudi chuoni mzito baada ya homa, asihukumiwe kuwa mvivu. Mwalimu na amwulize mzazi habari za ugonjwa, ampunguzie somo, amwongezee marudio. Na mzazi atunze chandarua, na homa ikizuka ampeleke mtoto kwa mganga wa hospitali siku ile ile. Elimu ni amana, na ubongo wa mtoto ndicho chombo cha amana hiyo.

MASWALI

1. Kwa nini marudio ya siku 3 hushinda ya siku moja?
2. Bakora huacha nini katika kumbukumbu ya mtoto?
3. Mtoto akisahau baada ya degedege, mwalimu afanye nini?

Wallahu aalam.