Muuguzi anapoacha kazi, aage kwa barua

Mwezi huu hatuzungumzii ugonjwa. Tunazungumzia jambo linalowaumiza wagonjwa bila wao kujua chanzo chake: muuguzi kuondoka kazini bila kuaga.

Katika familia nyingi yupo kijana muuguzi. Akipata kazi penye mshahara mzuri zaidi, wapo wazazi wanaomwambia: "Subiri mshahara uingie, kisha uondoke kimya kimya, wasije wakakuzuia." Ushauri huo si mzuri. Kuacha kazi ni haki yake. Lakini orodha ya zamu imekwisha kupangwa, na asipotokea usiku, wodi ya wazazi hubaki na mtu mmoja. Mtoto aliyezaliwa bila kulia huhitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza. Kama wakati huohuo mama mwingine anavuja damu, huyo mmoja amwache nani?

Ndiyo maana ipo notisi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Aliye katika mwezi wa kwanza wa kazi hutoa siku 7. Mkataba unaweza kutaka muda mrefu zaidi, kwa hiyo usomwe kwanza. Mwenye mkataba wa muda maalumu azungumze na ofisi, kwani utaratibu wake ni tofauti. Notisi haitolewi mtu akiwa likizoni. Na akikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaweza kumkata fedha zake.

Barua yenyewe ni fupi. Iandikwe kwa mkuu wa hospitali kwa kupitia kwa metroni, hivi:

"YAH: NOTISI YA KUACHA KAZI. Natoa taarifa kwamba nitaacha kazi ya uuguzi katika hospitali hii. Notisi yangu ya siku 28 itaanza tarehe 1 Juni, na siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe 28 Juni. Sababu ni kuhamia karibu na wazazi wangu. Nitakabidhi kazi kwa atakayepangwa. Nashukuru kwa yote niliyojifunza hapa."

Tuzingatie mambo haya:

1. Metroni aambiwe kwa mdomo kwanza, asishtukizwe na karatasi.

2. Malalamiko yasiingizwe humo. Barua hii hukaa katika faili, na mwajiri mpya huweza kuuliza habari zake. Mwenye dai la mshahara aliandikie barua ya peke yake.

3. Ziwe nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, aitunze mwenyewe.

4. Makabidhiano yafanyike kwa maandishi. Morfini na pethidini zihesabiwe na watu wawili, daftari litiwe saini, ndipo funguo zitoke mkononi.

5. Adai haki zake: mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo anayostahili na cheti cha utumishi.

Wazazi, mtoto wenu akiwaletea habari ya kazi mpya, mpongezeni. Kisha mwulizeni: "Barua umeshaandika? Zamu zako nani atazishika?" Kwa maswali hayo mawili mtakuwa mmewalinda wagonjwa msiowajua, na jina la mwanenu pia.