Kipaji, Mshahara na Nyumba: Somo kutoka kwa Shaaban Robert wa Tanga



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo kwa kawaida hufika mezani kwenu kama ombi la fedha. Kijana anayepiga kinanda anataka kuacha kibarua cha bandarini ili akarekodi nyimbo Dar es Salaam. Mama anayechora vizuri anaambiwa nyumbani kwamba anapoteza muda. Mtunzi wa kwaya ana watoto wanne, na ada za shule zinadaiwa. Mara nyingi kamati hutoa jibu moja kati ya mawili. Ama humwambia aache mambo hayo atafute kazi, ama huchanga fedha za spika bila kuuliza watoto watakula nini. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Kwa bahati nzuri sisi watu wa Tanga tunaye jirani ambaye maisha yake yanatufundisha jambo hili vizuri kuliko semina nyingi.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa serikalini kuwa karani wa forodha. Pangani ni moja ya vituo alivyofanyia kazi. Mwaka 1944 alihamishiwa idara nyingine, na mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya. Kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Hesabuni wenyewe: ni karibu miaka 34 ya mshahara wa mwezi. Alifariki Juni 1962. Maana yake ni kwamba mtu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili alipata takriban miaka miwili tu ya kuwa mwandishi bila kuwa mwajiriwa. *Maisha Yangu*, *Kusadikika* cha 1951 na *Adili na Nduguze* cha 1952 ni kazi za mtu aliyekuwa bado ana saa ya kuripoti kazini.

Ajira ilimpa chakula cha nyumba, karatasi, na mazoea ya kuandika kila siku kwa utaratibu. Lakini pia ilimbana. Mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuweza kuikosoa waziwazi, na wasomaji wengi wa *Kusadikika* wanaona kuwa ndiyo sababu aliiweka nchi yake ya kubuni angani, na Karama akashtakiwa mbele ya mfalme asiyekuwapo kwenye ramani yoyote. Tena yapo mambo ya kutabasamu: katika *Utubora Mkulima* aliandika habari za mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima kwa amani. Mwandishi mwenyewe alibaki mezani.

Upande wa familia ndio unaonigusa zaidi. Mke wake Amina alifariki mwaka 1942, naye akabaki na watoto. Shairi la maombolezo alilomtungia linajulikana mpaka leo. Bintiye alimtungia utenzi wa Hati, na mwanawe utenzi wa Adili, nazo ni nasaha ndefu za mzazi kwa mtoto. Vijana wetu husema, “Familia inanizuia kutunga.” Kwa mtu huyu familia ilikuwa ndiyo mada. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002, zinaonyesha habari za nyumbani, kazi na vitabu zikienda pamoja.

Hapa niongeze neno kwa akina baba. Mwanamume anayeandika baada ya saa za ofisi ana mtu aliyepika, aliyeteka maji na aliyewalaza watoto. Mama mwenye kipaji ana saa zipi za kwake? Ombi la mwanamke lisipimwe kwa kipimo cha mtu ambaye kazi zake za nyumbani zinafanywa na mwingine.

Sasa fedha. Jina lilikuja, mapato yalikuwa jambo jingine. Shaaban Robert alipata nishani ya MBE na Tuzo ya Margaret Wrong, lakini nishani si posho. Baadhi ya vitabu vyake vilichapishwa mbali, hata Johannesburg, na baadhi alijaribu kuvitoa mwenyewe hapa Tanga kwa jina la Art and Literature. Alipofariki aliacha miswada ambayo haijatoka. *Kufikirika* na *Utenzi wa Vita vya Uhuru* vilichapishwa 1967; *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* vikafuata 1968. Kwa hiyo, ninavyoona mimi, kazi ya ofisini haikuua kipaji chake. Pengo lilikuwa upande wa pili: nani anachapa, nani anauza, nani analipwa, na miswada inatunzwa wapi. Huko ndiko kamati zetu zinakoangalia kidogo sana.

Asije mtu akasema hizo ni habari za msomi mwenye meza. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja huku kwetu Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, halafu akaenda Dar es Salaam. Alikuwa mtumishi wa nyumbani, akafanya vibarua mbalimbali, na baadaye akapata kazi katika hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye mbao laini za dari, kwa rangi za kung'aa za baiskeli, maana ndizo alizoweza kuzinunua. Aliwafundisha ndugu na jamaa wachache. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Alichora kwa takriban miaka minne tu, lakini wale aliowafundisha waliungana, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Jina lake limelisha nyumba nyingi tangu hapo. Angekaa na ujuzi peke yake, ungezikwa naye.

Zipo pia njia za waimbaji. Marehemu Bi Shakila alianza kuvuma na vikundi vya taarab vya hapa Tanga, Black Star na Lucky Star, kisha akaingia kikundi cha jeshi. Bendi ya NUTA, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwapa wanamuziki mshahara. Njia hiyo ilikuwa na usalama wake, ila vyombo vilikuwa vya mwajiri: mwanamuziki akiondoka, anaondoka mikono mitupu.

Ombi kama hayo likifika, napendekeza kamati iende kwanza nyumbani kwa mwombaji na izungumze na mwenzi wake pia, si na msanii peke yake. Anayetaka kuacha kazi aombwe ajaribu miezi 12 akiwa bado kazini, na fedha za sanaa ziwe na daftari lake mbali na za jikoni. Gitaa au kinanda kinachonunuliwa kwa michango kiandikwe ni cha usharika au ni mkopo wake, kabla hakijapigwa hata mara moja. Magomvi mengi huanzia hapo. Nyimbo nazo zina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi, lakini kwaya nyingi hurekodi bila hata karatasi moja inayosema nani alitunga na mapato yatagawanywaje. Paulo alishona hema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na hakuna aliyemwona mvivu wa huduma kwa sababu hiyo.

Kwa wafadhili nina ombi moja. Kulipia uchapaji, kutunza miswada na kanda za zamani, au kumlipa mwanasheria asome mkataba, hakuna picha nzuri ya kuweka kwenye taarifa. Mtuchangie hata hivyo.

Maswali ya kujadili katika kikao chenu:

1. Katika usharika wenu, ni nani anatunga au kuchora huku akiwa na kazi nyingine? Je, kamati imewahi kumuuliza anapata saa ngapi kwa juma?
2. Nyimbo ambazo kwaya yenu imerekodi, zilitungwa na nani? Mtunzi, au wajane na watoto wake, wamepata nini?
3. Daftari za nyimbo za wazee waliofariki ziko nyumbani kwa nani sasa, na nani atakwenda kuziomba kabla ya mvua za masika?