Nyuso Mbili za Mgonjwa: Lugha ya Daktari wa Ngozi katika Kitui na Makueni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika kati ya daktari wa ngozi na mgonjwa katika kaunti za Kitui na Makueni, nchini Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba mgonjwa wa ngozi huingia kwa daktari akiwa na nyuso mbili: uso wa mwili na uso wa heshima. Tiba inayoushughulikia wa kwanza kwa kuuvunja wa pili huweza kumfanya mgonjwa asirudi. Mifano ya mazungumzo imebuniwa kwa ajili ya uchanganuzi.

1. Utangulizi

Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Walisema pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hizi zinakutana katika mzizi mmoja: umba na umbua. Kiambishi -u- hutendua kilichotendwa. Anayeumbuliwa hupoteza umbo na heshima kwa pamoja. Maradhi ya ngozi huweza kufanya yote mawili. Mwenye vidonda vya tumbo huketi barazani bila mtu kujua, ilhali mwenye mapunye au mabaka husomwa na kila apitaye.

Sayansi ya tiba nayo imelikubali jambo hili. Mwaka wa 1994, Finlay na Khan wa Cardiff walitunga hojaji ya maswali 10 ya kupima jinsi ugonjwa wa ngozi unavyoathiri maisha ya mtu, kwa alama kuanzia 0 hadi 30. Swali la kwanza linahusu mwasho na maumivu. La pili linahusu haya.

2. Uso katika nadharia na katika utamaduni

Kwa mujibu wa Brown na Levinson (1987), walioendeleza dhana ya Goffman, uso ni ile taswira ya heshima ambayo kila mtu hutaka wengine waitambue. Kuamrisha, kulaumu na kuuliza mambo ya faragha ni vitendo vinavyoutisha uso huo. Daktari wa ngozi hawezi kuviepuka vyote, kwani sharti aulize na sharti aone. Lililo mikononi mwake ni namna ya kufanya hivyo.

Wakamba, ambao ndio wengi katika kaunti hizi, wana dhana ya nthoni: haya inayochanganyika na heshima, hasa baina ya mwanamume na mamamkwe wake. Chukulia kwamba mamamkwe asiyejua Kiswahili vyema ameletwa hospitalini na mkwewe, kisha mkwe huyo akaitwa ndani atafsiri swali kuhusu upele ulio sehemu za siri. Mwanamke huyo atasema hana kitu. Daktari ataandika kwamba hana kitu. Hapo kilichokosekana si dawa bali mkalimani afaaye, kwa mfano muuguzi wa kike anayezungumza Kikamba.

3. Uchanganuzi wa kauli

Linganisha kauli mbili za daktari kijana kwa mwanamke wa makamo:

(a) Wewe, vua nione. Umekaa na hii miaka mingapi?

(b) Mwaitu, karibu uketi. Ilianza lini? Muuguzi akishafunga pazia, naomba unionyeshe panapowasha.

Katika (a), kiima cha kitenzi umekaa ni mgonjwa. Yeye ndiye aliyekaa na ugonjwa, na lawama imo ndani ya sarufi. Katika (b), kiima cha ilianza ni ugonjwa wenyewe. Daktari amepata habari ile ile bila kumshtaki mtu. Aidha, neno mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, limemrudishia mgonjwa cheo chake kabla hajavua nguo.

Majina nayo yana uzito. Anayeitwa mkoma amegeuzwa kuwa ugonjwa wake. Mtu mwenye ukoma bado ni mtu, tena mwenye ugonjwa unaotibika kwa mseto wa dawa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1981. Hali ni iyo hiyo kati ya zeruzeru na mtu mwenye ualbino.

4. Maagizo ya dawa

Agizo la paka kidogo halina kipimo. Madaktari wa ngozi hutumia ncha ya kidole: utepe wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza ni takriban nusu gramu, nao hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Kipimo hiki hakihitaji kusoma wala kijiko.

Vilevile, agizo la oga mara mbili kwa siku ni jepesi kulitamka lakini ni zito kwa familia inayoteka maji mbali kwa punda wakati wa kiangazi. Daktari anayeuliza kwanza, "Maji mnayapata wapi?" hutoa agizo linalotekelezeka. Upele nao hudai watu wote wa nyumba moja watibiwe kwa pamoja; mgonjwa aliyeaibishwa hatawaambia wenzake, na mwasho utarudi.

Huenda ikadaiwa kwamba foleni ni ndefu na upole hula muda. Hata hivyo, ilianza lini ni kauli fupi kuliko umekaa na hii miaka mingapi.

5. Hitimisho

Mwaka wa 2016 Makueni ilianzisha mpango wa afya kwa wote ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Mpango huo ulilegeza kizuizi cha fedha. Kizuizi cha lugha kinaguswa na Sheria ya Afya ya 2017, inayomtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sheria haiwezi kutunga sentensi. Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na vyuo vya tiba kuandaa faharasa ya maradhi ya ngozi kwa Kiswahili na Kikamba, pamoja na mifano ya maswali yasiyomuumbua mgonjwa.