MISONOBARI YA LANDES

Upande wa kusini-magharibi wa Ufaransa iko nchi iitwayo Landes. Zamani ilikuwa mbuga ya mchanga, ijaayo maji wakati wa baridi. Wachungaji walitembea juu ya mironjo wakichunga kondoo, na samadi yao ndiyo iliyorutubisha mashamba.

Mwaka 1857 sheria iliamuru vijiji vikaushe malisho yao na kupanda misonobari. Vijiji vingi, kwa kukosa fedha, viliuza ardhi ya wote kwa matajiri. Wachungaji wakakosa malisho. Wengi wakawa wagema utomvu, wakigawana mapato na wenye miti. Tena Agosti 1949 moto wa msitu uliua watu 82.

Basi, wasomaji, msitu ni mali. Lakini kabla ya kupanda na tuulizane: ardhi itabaki ya nani, na miti nani ataikinga na moto?